Qatar Nako Kuna Shamba? Ziara ya Basi na Jamaa Wakati wa Baridi



Kila mwaka ikifika Desemba, wengi wetu tunaosoma hapa Doha hukabiliwa na shida ile ile. Wageni wanakuja. Wengine ni wazazi, wengine ndugu, na kwa wenzetu wa shahada za juu ni mke au mume na watoto. Siku tatu za mwanzo huwa raha tupu, halafu hatujui tena tuwapeleke wapi. Souq Waqif washaiona. Corniche wameitembea mpaka miguu ikauma. Kwenye maduka makubwa wameshangaa bei, wakageuza. Hapo mgeni anaanza kushinda ndani na kuuliza ndege yake ni lini.

Msimu uliopita chama chetu kilijaribu njia nyingine. Tulikodi basi, tukalijaza jamaa zetu, tukatoka mjini siku nzima kwenda kaskazini mwa nchi. Nilipowatangazia wenzangu, mmoja alicheka akaniuliza, "Hivi Qatar nako kuna shamba?" Lipo, tena lina mambo yanayotuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki kuliko nilivyodhani. Katika makala haya nitaeleza kwa nini ziara hiyo ifanywe wakati wa baridi, basi linapita wapi, na mgeni aelezwe nini njiani. Hilo la mwisho ndilo kubwa zaidi, kwa sababu vibao vya huko vinasimulia habari za Qatar tu. Upande wetu wa habari hizo itabidi tuusimulie sisi wenyewe.

Baridi ya huku

Kwetu pwani tukisema kipupwe tunafikiria Juni hadi Agosti, wakati wa kusi. Huku mambo ni kinyume. Miezi hiyo joto hupita nyuzi 40, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayemtoa mzazi wake kumtembeza kwenye uwanda usio na kivuli. Baridi ya Doha ni Desemba mpaka Februari. Mchana huwa nyuzi 20 na kitu, usiku huteremka mpaka 13 au 14, na nje ya mji hushuka zaidi.

Hata mvua kidogo inayopatikana nchi hii hunyesha zaidi miezi hiyo. Kwa mwaka mzima haifiki milimita 100, kiasi ambacho Lamu kinaweza kuanguka kwa siku chache za masika. Lakini inatosha kuchipusha majani kwenye mabonde madogo ambayo Waarabu huyaita rawdha. Usitarajie bonde kama la Ufa. Nchi hii ni tambarare, na kilima chake kirefu kabisa ni cha mita 100 na ushee tu. Rawdha ni mahali palipobonyea kidogo, maji ya mvua yakatuama na udongo mzuri ukajikusanya. Ndipo utakapoona migunga na mikunazi. Mkunazi wao huuita sidr, na wameufanya alama ya shirika lao kubwa la elimu, Qatar Foundation. Mama yangu aliuona mmoja kando ya barabara akasema, "Kumbe hata huku wanao wa kuoshea maiti." Basi zima likacheka, lakini ni kweli, matumizi ni yale yale.

Jambo la tatu ni upepo. Wakati Doha watu wanavaa makoti, Lamu na Unguja unavuma kaskazi. Huo ndio upepo uliokuwa ukiyasukuma majahazi kutoka Oman na Ghuba kuja kwetu na tende, chumvi na mazulia. Yalifika Januari na Februari, yakakaa, kisha Aprili kusi ilipoanza yakageuza matanga na kurudi na mali ya kwetu. Kwa hiyo ukiwa ndani ya basi Januari ukaona bendera zimenyooka kwa upepo, mwambie mgeni wako kwamba zamani huu ndio wakati mabaharia wa pande hizi walipokuwa safarini kuja kwetu.

Kwa nini basi

Qatar nzima inakaribiana kwa ukubwa na Kaunti ya Kilifi. Mtu mwenye gari anaweza kuizunguka kwa siku. Lakini wengi wetu hatuna gari, na teksi ya kwenda kilomita 100 na kurudi inaweza kumaliza posho ya mwezi. Basi la watu 50, gharama ikigawanywa, inakuwa hela ya chakula cha siku mbili tatu. Zaidi ya hapo, basini watu wanazungumza. Wazee wa Kisudani walikuwa mbele, familia moja ya Kampala katikati, sisi wa pwani nyuma karibu na birika la chai. Kufika Al Khor watoto walikuwa wameshabadilishana viti, na lugha pia.

Kuna sababu nyingine ambayo naomba wanachama waitafakari. Viti kumi tuliwatengea watu wa kwetu ambao si wanafunzi: walinzi, madereva na kina dada wanaofanya kazi majumbani. Sheria namba 15 ya mwaka 2017 inampa mfanyakazi wa nyumbani siku moja ya mapumziko kila wiki. Lakini kupata siku ni kazi, na kupata pa kwenda ni kazi nyingine. Dada mmoja wa Kakamega alituambia yuko Doha mwaka wa nne, na bahari ameiona kupitia dirisha la gari ya mwajiri tu. Sisi tumekuja na ufadhili wa masomo, tuna vitambulisho vya chuo na maktaba ya kuulizia mambo. Wao wamekuja na mkataba. Tukipanga ziara ya "jamaa", nao ni jamaa.

Njia ya kaskazini

Basi linaondoka Doha asubuhi na kushika barabara ya Al Khor, kama kilomita 50 kwenda kaskazini. Kushoto na kulia utaona kuta ndefu na vichwa vya mitende vikichungulia. Hayo ndiyo mashamba yenyewe. Nchi haina mto hata mmoja, kwa hiyo yanamwagiliwa maji ya visima, na baridi ndiyo msimu wa mavuno. Matango, nyanya, mabiringani na kabichi huuzwa kwa bei nafuu kwenye magulio ya msimu kama lile la Al Mazrouah. Ukiwa na kina mama basini, usipite gulio bila kusimama. Nakuonya mapema.

Upande huo ndiko pia liliko shamba kubwa la ng'ombe wa maziwa. Juni 2017 majirani zake Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Bahrain, pamoja na Misri, walikata uhusiano na Qatar, na mpaka wake pekee wa nchi kavu ukafungwa. Maziwa mengi yalikuwa yakipitia mpaka huo. Basi Julai ile ile wakaanza kuleta ng'ombe kwa ndege. Ndiyo, ng'ombe, kwa ndege! Mgogoro uliisha Januari 2021, lakini ng'ombe wapo mpaka leo. Wazee wetu, hasa wale waliotoka nchi za wafugaji, kisa hiki kiliwakaa kichwani kuliko jengo lolote la kioo tulilowaonyesha mjini.

Mikoko ya Al Thakhira

Kituo cha kwanza ni ufuo wa Al Thakhira, mbele kidogo ya Al Khor. Mtu anayetoka jangwani ghafla anaona kijani kibichi na maji. Ni mikoko. Wakati wa baridi huja pia heroe, wale ndege wa rangi ya waridi tunaowajua Nakuru, wakasimama kwenye maji mafupi wakila.

Mjomba wangu, ambaye alikuja na Mama kutoka Lamu, ana miaka sabini na kitu. Nilimwambia, "Mjomba, mikoko hiyo." Akatazama, akainama, akachuma jani, akalilamba. "Huu si mkoko, mpwa wangu. Huu ni mchu."

Alikuwa sawa. Sisi huita msitu wote wa baharini "mikoko", lakini ndani yake mna miti ya aina nyingi. Mkoko wenyewe una mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Mchu unatoa vijiti vilivyosimama topeni kama penseli, na mti unapumulia humo. Chumvi ya ziada huitoa kwenye majani, ndiyo maana ukililamba unaionja. Mchu unavumilia chumvi kali na baridi kuliko mkoko, na ndiyo sababu umeweza kukaa Qatar. Lakini hapa haukui sana, mingi inamzidi mtu kimo kidogo tu. Unafaa kwa kuni, kwa malisho ya ngamia na kwa mazalio ya samaki. Gogo refu lililonyooka la kuezekea nyumba halitoki hapo.

Mshike neno hilo la mwisho, ndugu msomaji, kwa maana ndilo litakalotupeleka kituo kinachofuata.

Al Zubarah

Kutoka Al Thakhira basi linapanda mpaka Al Ruwais kwenye ncha ya nchi, kisha linageukia pwani ya magharibi. Njiani mna vijiji vilivyohamwa, kama Al Jumail: msikiti na mnara wake, kuta zilizobomoka, bahari tupu. Watu walikuwa wavuvi na wazamiaji lulu. Mafuta yalipoanza kuuzwa nje mwaka 1949 maisha yakahamia mjini. Tulikula hapo, pilau baridi na sambusa, huku tumejikunyata kwa upepo.

Al Zubarah iko kaskazini-magharibi, kiasi cha kilomita 100 kutoka Doha. Ulikuwa mji wa lulu na biashara, ulioanzishwa na wafanyabiashara waliotoka Kuwait katikati ya karne ya 18. UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2013. Mgeni asiyeelezwa ataona vifusi na mchanga, kisha atauliza choo kiko wapi. Kwa hiyo mweleze.

Mji huu ulichomwa mwaka 1811 na majeshi ya Maskati. Mtawala wa Maskati wakati huo alikuwa Sayyid Said bin Sultan. Jina hilo halihitaji utambulisho kwetu. Ndiye yule yule aliyekuja kuizima Mombasa ya Mazrui, akahamishia makao yake Unguja, na kuijaza karafuu. Tuliosoma historia shuleni tulimkuta akiwa ameshafika kwetu, kana kwamba alishuka na mvua. Kumbe alipokuwa kijana alikuwa akipigana huku kugombea bandari na lulu za Ghuba. Bahari ni moja, na aliyetafuta njia za biashara upande huu alizitafuta na upande wetu.

Karibu na magofu kuna ngome ndogo ya mraba, iliyojengwa mwaka 1938 enzi ya Sheikh Abdullah bin Jassim Al Thani kulinda pwani. Watalii wengi huipiga picha kwa nje na kuondoka. Sisi tuliingia, na Mjomba hakutazama kuta, alitazama dari.

Boriti

Nyumba za zamani za Qatar ziliezekwa hivi: magogo yanapangwa kutoka ukuta mpaka ukuta, juu yake vipande vya mianzi iliyopasuliwa, juu yake mkeka, halafu udongo ulioshindiliwa. Magogo hayo Waqatari huyaita danshal. Sisi tunayaita boriti. Ni mikoko ya kwetu, kutoka Lamu, kutoka delta ya Rufiji na misitu mingine ya pwani yetu, iliyopakiwa majahazini na kuletwa huku kwa kusi. Nchi isiyo na miti ya kujengea ilijengewa dari na miti ya kwetu. Ndivyo ilivyokuwa Kuwait, Bahrain na pwani nzima ya Ghuba.

Utajiuliza kwa nini mkoko. Mjomba alitupa darsa pale pale, watu wa basi wamemzunguka. Kwanza ni mzito na mgumu, mchwa hauwezi. Pili unanyooka. Tatu uko karibu na maji, unaukata, unaukokota mpaka mtepe au mashua, hakuna gharama ya barabara. Miti hupangwa kwa unene wake: fito ndizo nyembamba, kisha pau, mazio, boriti, na nguzo ndiyo nene. Huuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Alizikata tangu ujana wake mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982.

Halafu akapima chumba kwa hatua. "Ni vyumba vyetu," akasema. Na kweli. Boriti ikizidi kama mita tatu hupinda kwa uzito wa dari, basi vyumba vya zamani vya Lamu na Unguja ni virefu na vyembamba, upana wake ni upana wa boriti. Vyumba vya Ghuba navyo ni hivyo hivyo. Mti mmoja uliamua upana wa chumba cha kulala cha mtu wa Lamu na cha mtu wa Zubarah, na wala hawajuani.

Kwa anayetaka kusoma zaidi, yuko baharia wa Australia, Alan Villiers, ambaye alisafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, likashuka mpaka Rufiji kupakia boriti na kurudi nazo Ghuba. Kitabu chake, Sons of Sinbad, kilitoka mwaka 1940. Yaani miaka ile ile ngome hii ilipojengwa, yeye alikuwa topeni Rufiji akiwatazama wanaume wakibeba magogo.

Swali la Mama

Tulipokuwa tukirudi basini, kila mtu ana furaha na Mjomba amekuwa nyota wa siku, Mama akauliza kwa sauti ya kawaida tu: "Na waliokuja huku na majahazi hayo, wote walikuja kwa hiari yao?"

Basi likanyamaza kidogo.

Jibu ni hapana, na ndugu msomaji, ukipanga ziara hii jiandae nalo, kwa sababu mtu atauliza. Katika karne ya 19 soko la dunia lilitaka lulu na tende kwa wingi, na kazi zote mbili zilihitaji mikono. Watu waliotekwa bara, nyanda za Ziwa Nyasa na kwingineko, waliteremshwa pwani yetu, wakapakiwa, wakaletwa Oman na Ghuba. Wanaume wengi walitiwa kwenye uzamiaji lulu, wanawake kwenye kazi za majumbani. Mzamiaji alishuka na jiwe mguuni, amebana pua, na mwenzake juu ameshika kamba. Mkuu wa chombo aliitwa nakhoda, nasi tunasema nahodha. Mtumwa akizamia, mgao wake wa mapato ulichukuliwa na bwana wake.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907. Hapa Qatar ulifutwa mwaka 1952. Nilipoutaja mwaka huo, Mjomba alihesabu kwa vidole. Alikuwa ameshazaliwa.

Hapo ubishi ukaanza. Nilikuwa nimependekeza kwamba kesho yake anayetaka twende Bin Jelmood, mojawapo ya nyumba za makumbusho za Msheireb, katikati ya Doha, iliyofunguliwa mwaka 2015 kueleza utumwa wa Bahari ya Hindi. Baba mmoja akasema, na alisema kwa heshima, "Tumekuja kufurahi na watoto wetu. Mambo ya utumwa ya nini?" Mama mwingine akamjibu kwamba mtoto wake akirudi shuleni ataulizwa aliona nini Qatar, na hataki aseme ngamia tu. Wengine waliona kwamba ni kuwachokoza wenyeji wetu katika nchi yao. Lakini makumbusho hayo yamejengwa na wenyeji hao hao, kwa hela yao, na wameyafungua kwa kila mtu. Sioni uchokozi gani kuingia mlango ulioachwa wazi.

Tulikubaliana kila mtu achague. Kesho yake tulikwenda kama ishirini hivi kwa metro, waliobaki wakawapeleka watoto sokoni.

Ndani ya Bin Jelmood

Nyumba yenyewe ni ya zamani, ina ua katikati kama nyumba za kwetu. Ndani mna ramani, filamu na sauti za watu. Inaanza na utumwa wa dunia ya kale, inakuja Bahari ya Hindi, halafu Qatar yenyewe: uzamiaji, kazi za ndani, na namna waliokuwa watumwa walivyoingia katika jamii baada ya 1952. Wengi walibaki, na wajukuu wao leo ni Waqatari. Ngoma waliyokuja nayo, leiwa, bado huchezwa Ghuba, na ndani ya nyimbo zake maneno ya Kiswahili yamo mpaka sasa, mengine hata waimbaji hawayajui maana.

Sehemu ya mwisho inahusu unyonyaji wa siku hizi, watu wanaosafirishwa na kutumikishwa duniani leo. Dada wa Kakamega alisimama hapo muda mrefu. Hakusema kitu na mimi sikumuuliza. Tulipotoka alimwambia Mama, "Sikujua kwamba wanaliandika." Mama akamshika mkono wakatembea pamoja mpaka stesheni.

Mimi nilipata jibu langu hapo. Ukimwonyesha mgeni boriti tu, umempa hadithi tamu ya biashara na ujirani, na ni ya kweli. Ukimwonyesha Bin Jelmood peke yake, ataondoka akidhani bahari hii ilibeba machozi tu. Chombo kilichobeba boriti na kilichobeba watu vilitumia upepo mmoja na bandari zile zile. Yanahitajika yote mawili, kwa mpangilio huo: kwanza dari, kisha swali.

Mambo ya kuzingatia

Kwa watakaopanga ziara inayofuata, haya ndiyo tuliyojifunza:

1. Chagueni Jumamosi. Ijumaa asubuhi sehemu nyingi hufungwa mpaka baada ya sala.

2. Ondokeni saa moja asubuhi. Januari jua huzama karibu saa kumi na moja jioni, na Adhuhuri huingia kabla ya saa sita. Swalini ya kwanza Al Khor au Al Ruwais, ya pili kabla ya kushika barabara ya kurudi.

3. Wazee wa pwani hawaamini baridi mpaka iwashike. Mlazimishe mgeni wako abebe sweta na soksi. Kanga mbili hazitoshi Zubarah.

4. Vyoo ni vya vituo vya mafuta na misikiti. Msipite kituo bila kuuliza basi zima.

5. Ulizeni kampuni mapema basi linafika wapi. Basi halipiti mchangani. Matuta ya Khor Al Adaid kule kusini yanataka magari ya jangwani, na hiyo ni ziara nyingine.

6. Chagueni mtu wa kueleza, na msimwachie mwanafunzi peke yake. Kabla ya safari ulizeni wazazi wanaokuja walifanya kazi gani. Tulikuwa na mkata boriti basini, na tungeweza kwenda na kurudi bila kujua.

7. Msimuulize Mqatari msiyemjua kama asili yake ni Afrika, hata sura yake ikuambie nini. Kwa wengine ni jambo la heshima ya ukoo, na si haki yetu kumfukua mtu njiani. Akilileta mwenyewe, sikilizeni.

8. Viti vya wafanyakazi wenzetu vitangazwe wiki tatu kabla, ili waombe siku hiyo kwa waajiri wao na kubadilishana zamu. Nauli yao tulichanga wanafunzi. Si nyingi tukiwa wengi.

Kamati itatangaza tarehe ya ziara ijayo kwenye ubao wa chama. Ninaomba kila familia ijiandikishe mapema na itaje pia jina la mtu mmoja asiye mwanafunzi ambaye ingependa kumchukua. Mnawajua. Ni yule anayetufungulia geti usiku tukitoka maktaba, na yule tunayekutana naye kwenye foleni ya kutuma pesa nyumbani tukasalimiana kwa Kiswahili na kila mtu akashika njia yake.

Wasalaam, na baridi njema.